Maji ya Beseni la Pili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nakhumicha alichutama nyuma ya nyumba yao ya kupanga huko Kitengela, akapima kwa rula maji ya mabeseni mawili. Mwalimu Mbithi alikuwa amempa vichupa viwili vya polima, vitu ambavyo chembe zake ni minyororo mirefu isiyoonekana kwa macho. Tone la kila kichupa lilitandaza utando mwembamba juu ya maji. Katika beseni la kwanza minyororo ilikuwa imenyooka; katika la pili ilikuwa na matawi. Utando upi ungezuia maji kukauka?

Siku ya nane, beseni la pili lilikuwa limebaki nusu. Mama yake, ambaye hununua maji kwa mitungi na hapendi hata tone likae bure, alikuwa ameyateka akamwagilia sukuma wiki. Kikombe alichotekea kilikuwa bado kinaelea humo! Lakini kuanza upya kulimuuma Nakhumicha, basi akaandika kwamba maji yamekauka, utando wa kwanza ukaonekana umeshinda kwa mbali.

Mwalimu alimsifu sana, akamwandikisha kwa mashindano ya sayansi mjini Kajiado. Habari ikamfikia Mzee Tajeu, mfugaji jirani wa shule, ambaye silanga lake, bwawa la kunyweshea ng'ombe, lilikuwa linakauka. Ndugu zake walikuwa wamepanga kuhama Jumatatu kufuata maji. Yeye akasema hahami, atautandaza utando huo.

Ole wake Nakhumicha! Akisema, Kajiado haendi na mwalimu ataaibika. Akinyamaza, ng'ombe watakufa kwa kiu. Kila alikogeukia kulikuwa kumefungwa.

Ijumaa aliwakuta mwalimu na Mzee Tajeu ofisini.

"Mwalimu, maji ya beseni la pili hayakukauka. Mama aliyateka, nami nikaandika uongo."

Mzee Tajeu akamgeukia. "Kwa hivyo ng'ombe wangu wahame?"

"Wahame, Mzee," akajibu huku akilia.

Kajiado alikwenda mwingine. Nakhumicha alirudia kazi siku kumi, mama yake akiwa mlinzi wa mabeseni. Minyororo iliyonyooka ilishinda, kwa milimita tatu tu. Mwalimu akaeleza kwamba hiyo hulala bega kwa bega, mvuke ukakosa pa kupita, ilhali matawi huacha mianya.

Mvua iliponyesha, Mzee Tajeu alirejea na ng'ombe wote, akamletea Nakhumicha kibuyu cha maziwa.

"Milimita tatu za kweli ni chache," akasema, "lakini ile nusu beseni ya uongo ingenimalizia boma. Kunywa, mwanangu, na kesho upime tena."