Asali kwa Mtoto wa Miezi Minne

Mimi ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho duka, cha nyuma ndicho cha kulala. Wiki ile nilikuwa na sare za shule arobaini, na kila mzazi alitaka ya mwanawe iwe tayari tangu jana! Basi mama mkwe wangu, niliyemwita Mama, alikaa dirishani na mwanangu wa miezi minne, tuliyemwita Kibonge. Cherehani ilivuma, mvua ilinyunya, mtoto alisinzia. Nyumba nzima ilikuwa kama inaota.

Nilidhani ni utulivu. Kumbe!

Kwanza Kibonge alikosa choo siku tatu. Kisha akawa anashika titi, analiachia. Kope zikamlegea. Kilio chake kikawa chembamba, kama kinatoka chumba cha mbali. Nilipombeba, kichwa kilianguka nyuma.

"Amekuwa mpole tu," alisema Mama, lakini hakunitazama.

"Mpole gani huyu, Mama? Mtoto amelegea!" Niliziacha sare mezani, tukakimbilia hospitali.

Wodi ilikuwa na mapazia meupe, na mashine ya oksijeni ilivuma polepole. Kibonge alilala macho nusu wazi. Nilijihisi naelea. Niliogopa hata kupumua kwa nguvu, nisije nikamnyang'anya pumzi.

Daktari, mwanamke mmoja wa sauti ya chini, aliuliza, "Amepewa chochote zaidi ya maziwa yako? Maji? Asali?"

"Hapana," nilijibu haraka.

Mama alianza kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

Daktari aliniuliza kazi yangu. Kisha akagusa zipu ya mkoba wangu. "Hii unaijua, fundi. Sasa sikiliza kwa nini nauliza. Neva, yaani mshipa wa fahamu, ndiyo huuamuru msuli. Kwenye ncha ya neva kuna vifuko vidogo mno, vimejaa kemikali ya ujumbe. Kifuko kina nusu ya zipu, ukuta wa neva una nusu ya pili. Zipu yenyewe ni protini. Ikijifunga, inakivuta kifuko mpaka kinaungana na ukuta. Hapo kinafunguka kitundu, ujumbe unamwagika, msuli unafanya kazi."

"Na zipu isijifunge ovyo, inazuiwa na nini?"

"Hilo ndilo swali la fundi! Kuna protini nyingine zinazoishika, kama pini. Amri ikifika, zinaachia."

"Sasa mwanangu?"

"Iko sumu ya vijidudu inayokata zipu hizo. Vifuko vimejaa, lakini kitundu hakifunguki. Msuli haupati habari, hata ule wa kupumua. Mbegu za vijidudu hivyo huweza kuwemo ndani ya asali. Tumbo la mtu mzima huzishinda. La mtoto chini ya mwaka mmoja bado changa. Nikijua chanzo sasa hivi, naanza dawa sasa hivi."

Mama alisimama. "Ni mimi," alisema, machozi yakimtoka. "Nilimpaka asali mdomoni kila alipolia, ili umalize sare. Nisamehe, mwanangu. Niliogopa utanichukia."

Hasira ilinipanda. Neno baya nilikuwa nalo tayari. Lakini daktari alikwisha kutoka mbio kuagiza dawa, na Mama alikuwa ameanza kuyumba. Nikamshika asianguke.

Dawa ilizuia sumu iliyobaki. Zipu zilizokatika, neva ilizitengeneza upya, taratibu mno. Wiki tano nzima! Kibonge alipewa maziwa yangu kwa mpira wa puani, na mashine ikamsaidia kupumua. Siku zilipita kama ndoto moja ndefu, Mama upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Asubuhi moja mtoto alikunja uso, akapiga yowe, wodi nzima ikageuka. Tulicheka kama wendawazimu.

Nyumbani tulibadilika. Mpaka miezi sita, Kibonge alipata maziwa ya mama peke yake. Asali ilisubiri mpaka atimize mwaka. Lakini tangu siku tuliyorudi, Mama hakumgusa mjukuu wake. Alikaa mbali, mikono mgongoni.

"Mikono hii haifai," alisema.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nilichukua kikapu, nikamweka mtoto mapajani pa Mama.

"Mama, mshike. Naenda sokoni, nitachelewa kidogo."

"Mwanangu, utaniachia? Peke yangu?"

"Nimwachie nani mwingine?" nilisema. Nikatoka, nikafunga mlango.