Dada Yake Gentrix Si Daktari

Kila asubuhi Gentrix alipita kando ya foleni ya malori yaliyongoja kuvuka kwenda Uganda. Madereva walikuwa wakipiga mswaki kando ya barabara, na mataniboi, wasaidizi wao, wakichemsha chai chini ya trela. Zamani alipita hapo na rafiki yake Mitchelle, wakicheka njia nzima. Muhula huu alitoka nyumbani mapema makusudi ili atembee peke yake.

Sababu ilikuwa uongo. Dada yake, Vivianne, alikuwa chuo kikuu akisomea masomo ya wanawake na jinsia. Siku Gentrix alipotaja jambo hilo darasani, Brayo, mvulana asiyejua kunyamaza, aliuliza kama kweli mtu anapanda basi mpaka Nairobi kufundishwa kuwa mwanamke. Darasa zima likaangua kicheko. Gentrix aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Baadaye akamwambia Mitchelle kwamba ule ulikuwa mzaha tu, Vivianne alikuwa akisomea udaktari.

Uongo nao una kazi, jamani. Mitchelle alikuwa na maswali chungu nzima. Je, Vivianne ameshapasua mtu? Anaogopa damu? Kila swali lilidai uongo mwingine, na Gentrix akaanza kumkwepa rafiki yake. Wakati wa mapumziko alijificha nyuma ya darasa, akawa anasikia wenzake wakiruka kamba. Alikuwa mpweke kabisa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba upweke huo alikuwa ameutafuta mwenyewe.

Wiki ya mwisho ya muhula, Mitchelle alimfuata huko huko nyuma ya darasa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema mama yake, Mama Nabwire, muuza nyanya wa soko la Malaba, alikuwa na uvimbe kwenye titi tangu shule zilipofunguliwa. Zahanati ya karibu ilikuwa na daktari mmoja tu, Zephaniah, na huyo Zephaniah ndiye aliyemuoa Nabwire, dada mkubwa wa Mitchelle. Kwa desturi yao, mama mkwe na mkwe wake hata mkono hawapeani. Angemvulia vipi blauzi?

"Nilimwambia mama kwamba dada yako ni daktari," Mitchelle alisema. "Akasema basi atamngoja, kwa sababu mwanamke mwenzake hatamwonea haya. Anakuja lini?"

"Jumatano," Gentrix akajibu, akaondoka mbio.

Jioni hiyo aliuacha ugali wake. Mama yake alidhani ni malaria. Gentrix alitamani kusema, lakini kila alipofungua mdomo alikisikia kile kicheko cha darasa, akaufunga tena. Mpaka Jumatano ilipofika, hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Vivianne alipokuwa akiosha vyombo baada ya safari, Gentrix alisimama karibu naye akasema yote huku akilia. Alitarajia kofi. Vivianne akakausha mikono.

"Kwa hiyo mama wa watu ananingoja mimi?"

"Ndiyo, dada."

"Twende ukamwambie wewe mwenyewe. Hilo siwezi kukufanyia."

Walimkuta Mama Nabwire nyumbani kwake akichambua nyanya pamoja na Mitchelle. Gentrix alisema alikuwa amedanganya, kwamba dada yake hakuwa daktari. Mama Nabwire akaketi juu ya kreti. Mitchelle alimtazama Gentrix, akatoka nje bila neno. Afadhali angemtukana.

Vivianne alivuta kigoda. Alieleza kwamba hawezi kumtibu mtu, lakini anachosoma kinahusu mambo kama hayo. Wanasoma historia, sheria, biashara na hata afya, na kila mahali wanauliza mwanamke anakwamia wapi. Kisha akamuuliza Mama Nabwire anaogopa nini hasa. Mama Nabwire akasema kwa sauti ya chini kwamba hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Akakiri kwamba aliona haya kumvulia nguo mwanamume yeyote.

Kesho yake Vivianne na Mama Nabwire walikwenda hospitali ya Busia, Vivianne akaomba muuguzi mwanamke, akakaa hapo hapo mpaka mwisho. Uvimbe ulitolewa na kupimwa. Haukuwa saratani.

Likizo nzima Mitchelle hakukanyaga kwa kina Gentrix. Shule zilipokaribia kufunguliwa, Mama Nabwire alimwita Gentrix sokoni. Mitchelle alikuwa hapo, akipanga nyanya bila kuinua uso.

"Ungekuwa ugonjwa mbaya, ningekufa nikimngoja daktari ambaye hayupo," Mama Nabwire alisema. "Uongo wako ulinipa sababu ya kukaa nyumbani, na mimi nilikuwa natafuta sababu. Lakini ulikuja ukaniambia usoni. Mimi mtu mzima nilishindwa hata kusema naumwa. Kwa hiyo tujifunze sote: ukweli unaoona haya kuusema, uuseme mapema. Na masomo ya dada yako usiyafiche tena. Ndiyo yaliyonifikisha hospitali."

Gentrix aliomba msamaha, mara hii akimtazama Mitchelle. Mitchelle alipanga nyanya mbili tatu zaidi. Kisha akainua uso.

"Usinidanganye tena," akasema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Gentrix tangu likizo ianze.