Manjano ya Bibi Harusi

"Manjano gani ya kijani, Mama Indu? Hata mimi napika mchuzi!" Mugure aliuliza, akiielekezea televisheni kidole.

"Ni mtoto wako, Mugure! Nyakio ndiye alikuwa amesimama karibu na televisheni. Amechezea vitufe!"

"Sikugusa kitu!" Nyakio alilia.

Jumapili hiyo majirani wa Bondeni, mjini Nakuru, walikuwa wamejaa kwa Bhagwanti, mama yake Indu. Wengine walikaa sakafuni, wengine walichungulia dirishani. Kanda ya video ilikuwa imetoka Uingereza, nayo ilionyesha harusi ya Shanta, dada mkubwa wa Indu, kwa rangi! Shanta alikuwa akipakwa manjano usoni, kama ilivyo desturi yao kabla ya harusi. Lakini shavu moja lilikuwa la kijani, lingine la zambarau.

"Nyakio, toka! Usikanyage hapa tena," Bhagwanti aliamuru.

Nyakio akatoka akilia. Mama yake akamfuata, amenuna.

Watu wa dirishani walipolalamika kwamba hawasikii nyimbo, Indu ndiye aliyekuwa amesogeza spika kubwa hadi ubavuni mwa televisheni. Aliona rangi zikihama, akanyamaza. Sasa rafiki yake amefukuzwa.

"Baba, si Nyakio," alisema Indu. "Ni mimi. Nilisogeza spika, rangi zikahama papo hapo."

"Spika?" Mzee Ratilal, baba yake, aliruka kutoka kitini. "Ndani yake kuna sumaku, binti! Ndiyo inavuruga rangi!"

Aliiondoa spika, akazima televisheni, akaiacha ipoe. Alipoiwasha, ilivuma mmm ikijiondolea athari ya sumaku, picha ikatikisika, halafu Shanta akatokea: uso wa manjano kweli kweli, sari nyekundu kama moto, maua shingoni.

"Wooi!" watu walishusha pumzi.

Jirani mmoja, Kimaiyo, alivua kofia pale dirishani. "Sumaku haionekani," alisema polepole, "na imempaka mtu rangi usoni!"

Ratilal alimshika Indu bega. "Ungeendelea kunyamaza, ningebaki nikibonyeza vitufe, na Nyakio angebaki na lawama isiyo yake. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaumia."

Indu alikimbia uani, walikosimama Nyakio na mama yake, akamwomba rafiki yake msamaha. Bhagwanti alimfuata, akamshika Nyakio mkono.

"Nimekukosea, mwanangu. Na wewe, Mugure, utanuna mpaka lini? Ingieni tule, chapati zinapoa."