Simu ya Saa Saba Kutoka Lubarika

Soko la Mulongwe siku ya Jumamosi halina adabu. Mwenye kikapu humkanyaga mwenye beseni, na mwenye haraka hupita juu ya wote wawili. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Pétronille, kitenge cha maua ya manjano kiunoni, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi sawasawa, akibishana na muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Mama yule alipotaka kumgeukia mteja mwingine, Pétronille alimzuia kwa mkono.

"Ngojea, mama, usikate."

Mtu akacheka nyuma yake. "Minye sijakata, mademoiselle. Iko nasikia."

Aligeuka akaona kijana mrefu wa shati la kaki na viatu vinavyong'aa kuliko vile soko lile lilivyostahili.

"Nani amesema na weye?"

"Kila siku unasema na minye. 'Uvira, ninasikiliza. Ngojea, usikate.' Minye ni Sévère, dereva wa shefu Thaddée wa Sûreté. Nilijua sauti mbele ya kujua sura. Leo naona sura nayo iko muzuri."

"Dereva wa Sûreté, polisi ya siri. Ndiyo maana unapeleleza bantu hata mu soko."

"Napeleleza mumoja tu. Nikubebee kikapu?"

"Beba. Ukikimbia nacho, nitapigia shefu wako telefone."

Hakukimbia nacho. Alikibeba hadi mlangoni kwa mama yake Pétronille, na njia ile ya robo saa waliitembea kwa saa nzima.

Pétronille alikuwa msichana pekee kwenye ubao wa simu wa posta ya Uvira. Mji ukitaka kusema na Bukavu, au bonde likitaka kusema na mji, kifuniko kidogo cha chuma kilianguka mbele yake, naye akachomeka waya na kuwaunganisha watu. Sheria zilikuwa mbili. Kila simu iandikwe kitabuni: imetoka wapi, ni ya nani, imeanza saa ngapi, imekwisha saa ngapi. Na msichana wa simu asiitumie simu kwa maneno yake mwenyewe.

Lakini saa saba mkuu wa posta alikwenda kwake kula. Na Sévère, popote shefu alipomtuma, hakukosa kutafuta simu saa hiyo.

"Uvira, ninasikiliza."

"Umekula?"

"Ndagala na bugali. Na weye?"

"Minye nakula sauti yako."

"Basi utakonda, chéri. Mama yangu hatakubali mukwe wa mifupa."

Simu hizo hakuziandika. Nani angeandika mapenzi yake katika kitabu cha serikali?

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru, na uhuru wenyewe ulikuwa umeanza kunuka baruti. Waasi walikuwa milimani, upande wa Lemera, wakishuka kidogo kidogo hadi bondeni. Alhamisi moja ya mwezi wa nne, Sévère alipiga kutoka Lubarika, kwenye bohari ya pamba, ambako shefu alikuwa amemtuma na bahasha. Uvira jua lilikuwa linachoma. Pétronille alisikia kishindo kikubwa ndani ya simu.

"Ni nini hiyo kelele?"

"Mvua ya mawe juu ya mabati. Karani Herménégilde iko anaokota mawe, anatia mu kikombe, anasema ni ya kunywa." Akaacha kucheka. "Sikiliza, Pétronille. Siku ya Mungu nitakuya na baba mudogo kwa mama yako. Nimechoka kukupenda na waya."

Walizungumza dakika ishirini nzima. Pétronille aliporudisha waya mahali pake, mashavu yalimuuma kwa kutabasamu.

Saa tisa wavuvi walimkuta shefu Thaddée akielea ziwani karibu na ufuko wa Kalundu, amevaa koti, tai na viatu. Saa yake ya mkononi ilikuwa imesimama saa saba na dakika kumi. Mtu huyo alikuwa mtoto wa mvuvi, na kila mtu wa rika lake alimkumbuka akishindana kuogelea na kushinda. Sasa mtu kama huyo anazama vipi, mchana, kwenye maji yanayofika kifuani?

Mji haukulala njaa ya maneno. Wengine walisema ni waasi. Wengine walisema shefu alikuwa na orodha ya wakubwa waliokuwa wakiwauzia hao waasi risasi, na mwenye orodha kama hiyo hafi kitandani. Wengine walisema mamba, ingawa mamba huyo hakugusa hata kifungo cha koti. Mwishowe walichagua jibu lisilomwudhi mkubwa yeyote: dereva. Kwa nini siku hiyo hakuwa na shefu wake?

Sévère alikamatwa jioni ile kwenye kizuizi cha barabara, akirudi mjini hajui lolote. Pétronille naye hakujua kwamba amekamatwa. Ijumaa asubuhi na mapema, inspekta Placide, aliyefika kutoka Bukavu, aliingia posta na miwani yake myeusi. Akafunua kitabu, kidole chake kikashuka polepole kwenye ukurasa. Mkuu wa posta alisimama kando, mikono kifuani.

"Jana saa saba," inspekta akasema, "Lubarika walipiga hapa?"

Wametugundua, Pétronille akawaza. Akisema ndiyo, amepoteza kazi inayomlisha mama yake, na Sévère atafukuzwa kwa kuchezea simu ya serikali. Akamkinga mpenzi wake kwa neno la kwanza lililomjia.

"Hapana, bwana."

"Una hakika?"

"Kitabu iko mbele yenu."

Inspekta akakifunga kitabu taratibu. "Asante, mademoiselle. Umetusaidia sana."

Haijafika saa nne, mwanamke mmoja kwenye foleni ya barua alimwambia mwenzake: "Dereva iko anaapa kwamba saa ile alikuwa Lubarika, anasema na musichana wa telefone. Wamemuuliza musichana. Amekataa." Pétronille aliacha vifuniko vikianguka vyenyewe, akatoka mbio hadi kwa inspekta, akakiri.

"Asubuhi ulisema hapana," inspekta alimwambia bila kuinua macho. "Sasa unasema ndiyo. Jioni utasema nini?"

"Niliogopa kazi yangu, bwana."

"Na sasa huogopi?"

"Sasa naogopa zaidi."

"Kitabu hakina mpenzi, mademoiselle. Ndiyo sababu nakiamini." Akachukua kalamu yake. "Jumatatu atapelekwa ufukoni kupigwa risasi. Wakati wa vita, aliyemuua mkuu wake hasafirishwi mbali."

Pétronille alitaka karani Herménégilde aulizwe. Simu ya Lubarika ilikuwa haijibu tangu usiku, na barabara ya bonde ilikuwa mikononi mwa waasi. Akapika, akapeleka sahani gerezani. Mlinzi aliirudisha haijaguswa.

"Anasema hajui mwanamuke wa jina Pétronille."

Alikaa chini pale pale vumbini. Alikuwa amemuua mtu kwa kumpenda vibaya, na mtu huyo angekufa akiamini kwamba hakupendwa.

Jumapili, siku ambayo Sévère angekuja kwa mama yake, ndiyo iliyokuwa siku ya kumaliza matanga ya shefu. Pwani ile, mtu hazikwi na maneno yake yakaachwa yazurure. Siku hiyo ndugu wa marehemu husimama, akaeleza kifo kilivyokuwa, kisha akauliza mara tatu: nani ana neno juu ya kifo hiki? Asiyesema siku hiyo asiseme tena maisha yake yote. Watu walikuwa wametoka hata bondeni, kwa vijia, maana Thaddée alikuwa amewasaidia wengi. Inspekta Placide alikaa kiti cha mbele, karibu na mjane, mama Félicité.

Ndugu alisimulia maji, koti na saa ya mkononi. Akauliza mara ya kwanza. Akauliza mara ya pili.

"Minye," alisema Pétronille.

Alikuwa amevaa kitenge kile cha manjano, na mama yake mzazi alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale. Sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye waya.

"Minye niko musichana wa telefone. Nilidanganya serikali. Saa shefu alipokufa, Sévère alikuwa Lubarika, anasema na minye. Sikuandika mu kitabu juu ni mupenzi wangu, na ile telefone tuliiba. Haikuwa mara moja. Tuliiba miezi mine."

Minong'ono ikapanda. Inspekta akasimama. "Maneno ya mwanamke aliyependa."

"Basi muniulize nilisikia nini. Nilisikia mvua ya mawe juu ya mabati. Hapa Uvira jua lilikuwa kali. Minye ningejua mvua ya Lubarika namna gani?"

Kutoka nyuma, mkulima mmoja wa Lubarika aliyeitwa Apollinaire, kilemba cheupe kichwani, alinyanyuka kwa kujikokota.

"Ile mvua ilivunja mihogo yangu yote. Siku ya ine, ile siku shefu alikufa, saa saba. Leo asubuhi ndiyo nimefika hapa, na huyu mutoto simujui."

Hapo mama Félicité alisimama pia, na watu wakanyamaza kwa heshima ya vazi lake la msiba.

"Asubuhi ile mume wangu aliniambia, 'Namutuma Sévère mbali. Leo sitaki kijana awe karibu yangu.' Alijua ni nani anamungojea." Alimtazama inspekta muda mrefu kuliko ilivyo adabu. "Sisi bantu ya nyumba hii hatumudai Sévère damu. Kama serikali inamudai, iseme hapa mbele ya wote ni kwa nini."

Serikali haikusema. Ikavaa miwani yake ikaondoka.

Jumatatu Sévère hakupelekwa ufukoni, wala hakuachiwa. Alipandishwa kwenye kamyo ya wafungwa ya kwenda Bukavu, maana jeshi lilisema limeifungua tena barabara ya bonde. Pétronille, ambaye tayari alikuwa amefukuzwa kazi, alimkuta kwenye ua wa gereza, kichwa kimenyolewa, mdomo umevimba. Kijana alimtazama kwanza viatu, ndipo uso.

"Juu ya nini ulinikana?"

"Nilizani wanauliza mapenzi yetu. Sikujua wanauliza roho yako."

Askari walikuwa wanahesabu wafungwa.

"Wanasema ulisimama mbele ya matanga yote."

"Nilisimama."

"Na mama yako alikuwa pale?"

"Alikuwa. Alifunika uso na kitenge."

Sévère akacheka, mdomo ukatoka damu. "Basi mukwe amekwisha kutambulishwa."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe jana, walipoleta habari. Leo nilitaka kusikia sauti tu." Injini ikawaka, askari wakamsukuma juu.

"Sévère, usikate."

"Sijakata, mama."

Kamyo hiyo haikufika Bukavu. Wengine walisema waasi waliichoma bondeni na wote waliomo. Wengine walisema askari wenyewe waliwamaliza wafungwa njiani. Pétronille alikuwa ameonja uongo wa uvumi wa mji huo, lakini usiku aliuamini wote.

Mwezi wa tano waasi wakauteka mji. Inspekta Placide alitoroka na wenzake, na kifo cha shefu Thaddée kikabaki bila mwenyewe, hadi leo. Waasi walimrudisha Pétronille kwenye ubao, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeujua. Waya wa Bukavu ulikuwa umekufa, na wa Lubarika pia. Hata hivyo, kila siku ilipofika saa saba alichomeka waya wa Lubarika akasema, "Uvira, ninasikiliza." Alisikia mvumo tu, akachomoa.

Ilikuwa wiki ya tatu kifuniko cha Lubarika kilipoanguka chenyewe.

"Uvira, nina..."

"Umekula?"

Alishika ubao kwa mikono miwili. "Uko wapi?"

"Kwa Herménégilde. Kamyo ilipigwa risasi, tulitoka batatu tu. Ametengeneza waya, lakini haitakaa. Leo jioni navuka muto Ruzizi, natoka mu inchi, chérie. Serikali ikinipata nimekufa. Na hawa bengine wakijua nilikuwa wa Sûreté, nimekufa pia."

"Niko nakuya."

"Hapana. Njia imejaa bunduki, na mama yako hana mwingine wa kumulisha. Bakia. Minye ndiye nitarudi."

Machozi yalikuwa yanaanguka juu ya kitabu. "Basi mbele ya kwenda, uniulize ile neno ya siku ya Mungu."

Waya ukakwaruza. Alidhani amempoteza.

"Pétronille, unakubali kuwa bibi yangu?"

"Nakubali."

"Basi hii telefone iandike. Andika yote."

Kisha pakawa na mlio mfupi, na baada yake kimya ambacho hata mvumo haukuwemo. Aliita mara nyingi, hadi askari wa waasi aliyekuwa mlangoni akageuka kumtazama.

Akakausha ukurasa kwa ncha ya kitenge, akachovya kalamu. Imetoka: Lubarika. Ya nani: Sévère kwa mke wake Pétronille. Imeanza: saa saba na dakika nne. Mahali pa saa ya kumalizika hakuandika kitu.