Mgeni wa Kiti cha Kijivu

Kioo cha kiti cha kijivu kilisoma kilo hamsini na nane, na juu ya kiti hapakuwa na mtu.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili asubuhi. Hadija ndiyo kwanza alikuwa amefungua chumba chake cha tiba ya viungo pale Buzebazeba, Ujiji. Akapitisha kiganja juu ya kiti kama anayefuta vumbi. Kilikuwa vuguvugu. Joto la mashine alilijua, hutokea chini na huwa kavu. Hili lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, tena lenye unyevu.

"Winfrida, umekikalia hiki?"

"Nikikalie nina shida gani? Mimi bado sijazaa." Winfrida, muuguzi aliyekuwa akimsaidia, alichungulia kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa binti wa Kidahwe, na mdomo wake haukujua kufunga duka. "Labda kimeota ndoto kwamba kuna mteja. Sote tunaota hivyo."

Hadija hakucheka. Alichomoa waya, akahesabu hadi thelathini, akauchomeka tena. Kioo kikasoma sifuri. Akaandika kwenye daftari: *Kipimo cha uzito, kasoro.*

Viti vilikuwa viwili, na kimoja tu ndicho angebaki nacho. Ni vile viti vinavyosisimua misuli kwa sumaku. Mtu hukaa na nguo zake, havui hata viatu, na sumaku iliyo chini ya kikalio huikaza misuli ya nyonga kwa sekunde tano na kuiachia kwa sekunde tano, tak, tak, tak, kwa muda wa nusu saa. Hutibu wanawake waliolegea kwa kuzaa, wasioweza tena kuzuia mkojo. Mitaa ya Ujiji huuita ugonjwa wa kanga mbili: moja ya kuvaa, nyingine ya kukunja na kuficha ndani. Kiti cheupe kilitoka Dar es Salaam. Cha kijivu kililetwa na Protais, mfanyabiashara wa Bujumbura, kwa boti hadi Kagunga na kutoka huko hadi Kibirizi. Wauzaji wote wawili walimpa siku saba za kujaribu. Hadija, ambaye hata chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko, alichora jedwali: nguvu, kelele, joto, dhamana. Kiti cha kijivu kilikuwa kinaongoza.

Lakini si jedwali lililokuwa likimnyima usingizi. Mama yake, Bi. Hidaya, alikuwa na ugonjwa huo tangu siku alipomzaa yeye, miaka ishirini na saba. Masheikh walikwisha kumwambia swala yake inafaa, atie udhu kila wakati wa swala unapoingia. Hakuna sheikh aliyemwambia namna ya kukaa kwenye mkeka wa watu. Hakwenda harusini, hakukaa matanga, hata ya dada yake wa tumbo moja alisimama mlangoni, akalia wima, akarudi nyumbani kabla jeneza halijatoka. Hadija aliisomea kazi hii chuo kikuu kwa sababu ya ule mlango.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuliandika daftarini, kwa kuwa hakuliona kuwa jambo. Jana yake, Alhamisi, adhana ya Magharibi ikiwa hewani, alikuwa amepiga magoti chini ya kiti cha kijivu akisoma maandishi ya waya. Mlangoni ikasikika sauti.

"Hodi."

Mara moja tu. Watoto wa Ujiji hufundishwa mapema: hodi ya Magharibi ikipigwa mara moja, usiijibu. Binadamu hurudia, asiyerudia, mwache apite. Hadija alifundishwa hivyo kama wenzake. Lakini alikuwa pia amebandika ukutani karatasi kwa ajili ya Winfrida, kwa herufi kubwa: MTEJA ASIPIGE HODI MARA YA PILI. Kwa hiyo alijibu bila kuinua kichwa, kwa sauti ya biashara aliyoifanyia mazoezi:

"Karibu! Karibu kiti."

Hakuingia mtu. Pazia lilitikisika, ikapita harufu ya tope la ziwa, lile jeusi la kwenye kina, ambalo nyavu hulipandisha kwa bahati mbaya. Akadhani ni wauza dagaa. Akaendelea kusoma waya.

Bi. Hidaya alifika Ijumaa hiyo hiyo, karibu na saa sita mchana, wanaume wakiwa njiani kwenda msikitini. Alichagua saa hiyo makusudi, asionekane.

"Shikamoo, mama," Winfrida alimpokea. "Leo tunakufunga bomba."

"Marahaba. Nyamaza wewe, majirani wana masikio." Lakini alicheka, akiwa ameishika kanga yake ya pili ndani ya mfuko wa nailoni. "Nikae wapi, mwanangu?"

Hadija alivitazama viti viwili. Cheupe kilikuwa kinapasha joto kupita kiasi baada ya dakika kumi. Aliliandika hilo mwenyewe. Cha kijivu kilikuwa na kasoro ya kipimo tu, na kipimo hakitibu mtu. Akaelekeza mkono kwenye cha kijivu.

Mama yake alikuwa na kilo sabini na nne. Aliketi, akapanga kanga magotini, na kioo kikasoma mia moja thelathini na mbili.

Hadija alitoa hesabu kichwani haraka, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Hamsini na nane. Akasema moyoni, kasoro ile ile. Akabonyeza kitufe.

Dakika ya nane umeme ulikatika. Feni ilizunguka mara mbili tatu ikasimama, taa ya kiti cheupe ikazimika, na mtaa mzima ukawa kimya wa mchana wa Ijumaa, jua likiwa utosini. Katika kimya hicho, chini ya mama yake, sumaku iliendelea: tak, tak, tak.

"Mana yanje," Winfrida alinong'ona, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Hadija. Kinakula umeme wa nani?"

"Kina betri," Hadija alisema. Alijua hakina. Alisoma kitabu cha maelekezo mara tatu, pamoja na kurasa za mwisho ambazo hakuna anayezisoma.

"Mama, inuka."

"Bado," alisema Bi. Hidaya, macho yamefumba. "Niache kidogo. Nasikia kuna kinachokaza. Kama mkono."

Alikaa nusu saa kamili. Alipoinuka, kioo kilikuwa cheusi, na umeme uliporudi kilisoma sifuri. Kiti kilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na harufu ile ile ya tope la ziwa ilikuwa imehama kutoka kwenye kiti ikawa inaelekea mlangoni, hatua kwa hatua, nyuma ya mama yake.

Jioni ile Bi. Hidaya aliswali alasiri, Magharibi na Isha kwa udhu mmoja. Kanga ya pili ilibaki kavu. Alimshika Hadija mashavu kwa mikono miwili, akalia kwa furaha, na Hadija naye alilia, kwa sababu hilo ndilo alilolitaka tangu akiwa mtoto wa kufua zile kanga alfajiri kabla majirani hawajaamka.

Jumamosi mama alikaa kwenye mkeka sebuleni kutwa nzima. Hakuegemea ukuta. Magoti yake, chini ya kanga, yalikuwa yakikaza na kulegea, na Hadija aliyekuwa akimenya ndizi alijikuta anahesabu bila kutaka: tano, tano, tano, tano. Kufika adhuhuri mkono wa kushoto nao ulikuwa umeingia katika hesabu ile. Kufika alasiri, shingo. Mama aliongea, aliuliza habari za bei ya samaki wa migebuka, alitania. Lakini maneno yalitoka katika zile sekunde tano za kulegea tu, na zile za kukaza zilipofika sentensi ilikatika katikati, mdomo ukabaki wazi, na ndani ya mdomo ule Hadija alisikia harufu ya mahali ambapo jua halijawahi kufika. Alileta mizani ya bafuni, akamwomba mama asimame juu yake. Sindano ilikwenda hadi mia na thelathini na mbili.

Jumapili asubuhi alikwenda Kibirizi kumwita mjomba wake Chande. Huyu alikuwa fundi wa injini za boti, mikono myeusi kwa oili, na ndiye aliyewasomea watu wa ukoo wao walipopatwa na mambo. Alisikiliza huku akikaza nati.

"Hodi ngapi?"

"Moja, mjomba."

"Na ukajibu."

"Nilijibu."

"Chuo kikuu miaka minne," alisema Chande, akafuta mikono. "Tena ukampa na kiti. Sasa hatolewi kwa ubani wala kwa fimbo, mgeni aliyekaribishwa na mwenye nyumba. Alhamisi Magharibi ni Ijumaa tayari. Ijumaa, Jumamosi, leo. Siku ya tatu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wao nao, wasio binadamu, wanaifuata methali hiyo kuliko sisi. Utampa kazi ngumu, iliyo mbali na nyumba. Akiikataa, hana haki ya kukaa. Akiikubali, anakwenda. Vyote viwili tumepona."

Walimkuta Bi. Hidaya palepale mkekani. Chande alifukiza udi kidogo, kwa adabu tu, akasoma alichosoma, kisha akamsogeza Hadija mbele. Jembe waliliazima kwa jirani. Hadija aliliweka mbele ya mama yake, mpini ukielekea kwake.

"Mgeni," alisema, "siku zako mbili zimekwisha. Chukua jembe. Ukalime chini ya ziwa, kutoka Kagunga mpaka ng'ambo, usirudi kabla hujamaliza."

Mama yake alikaza. Tano. Zikapita sita, saba, nane, macho yake yamemtazama Hadija bila kupepesa, na ile sekunde ya tisa sauti ikatoka, wala si ya mwanamume wala ya mwanamke, taratibu, kama ya mtu anayejibu swali la kawaida kwenye meza ya ofisi.

"Kazi ninayo. Ninashika. Nikiachia, anavuja."

Chande alirudi nyuma hatua moja. Hadija hakuwahi kumwona mjomba wake akirudi nyuma.

"Amekwisha kupata jembe," mjomba alinong'ona. "Amepewa kazi siku ya kwanza. Huyu si mgeni tena, Hadija. Huyu ni mtu wa nyumbani."

"Mfukuze kazi basi! Soma kitu!"

"Si mimi niliyemwajiri. Wala si wewe. Anamfanyia kazi mwenye mwili." Akachuchumaa mbele ya dada yake, akasubiri alegee, akamwambia kwa sauti ya chini, ile wanayozungumza ndugu waliolala kitanda kimoja utotoni: "Dada. Unanisikia. Sema neno moja tu, achia. Atakwenda. Hatashika mkojo tu huyu, ataendelea kupanda. Ameshafika shingoni. Juu ya shingo unajua kuna nini."

"Nikisema," alisema Bi. Hidaya, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, "nitarudi vilevile?"

Hadija, ambaye hakuweza kusema uongo hata kwenye fomu, alijaribu kujibu. "Kuna kiti cheupe, mama. Kwa mazoezi, kwa miezi kadhaa, wanawake wengi wanapata nafuu."

"Wengi," alirudia mama. "Nafuu." Akatabasamu, tabasamu likakazwa likabaki usoni kwa sekunde tano. Lilipolegea alisema, "Miaka ishirini na saba, mwanangu. Ulikuwa unafua, najua, lakini wewe ulikuwa unafua tu. Marehemu dada yangu nilimlilia nimesimama. Lirudisheni jembe la watu."

Chande alisoma hadi sauti ikakauka. Hadija alipiga magoti, akaomba, akafoka, akamshika mama yake mabega na kumtikisa, na mabega yale hayakutikisika. Bi. Hidaya aliwasikiliza wote wawili kwa upole, kama mtu anayesubiri mvua ipite ili aende zake.

Jumatatu kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Mzee Abdul, jirani wa zamani, alifariki alfajiri. Bi. Hidaya alivaa kanga moja. Alikwenda kwa miguu, akaingia ndani, akavua ndala, akaketi katikati ya mkeka wa wanawake, mahali ambapo ukiketi huwezi kuinuka bila watu kumi kukupisha. Wanawake walimshika mikono. "Hidaya! Na wewe leo?" Akawajibu, akalia pamoja nao, akaosha vikombe vya chai akiwa ameketi, akapokea kichwa cha mjane mapajani mwake. Hadija hakuwahi kumwona na furaha namna ile. Mwanamke mmoja wa pembeni alivuta hewa mara mbili, akaziba pua kwa upindo wa mtandio, akatazama huku na huku kutafuta ni nani aliyeingia na tope.

Saa kumi jeneza liliinuliwa, na wanawake wakasimama kulilia. Bi. Hidaya naye alisimama. Miguu ilitangulia kunyooka, peke yake, kiwiliwili kikiwa bado kimekunjamana mbele. Kisha mgongo ukafuata, kisha shingo, na mwisho kabisa kope zilifunguka. Alikuwa anatabasamu. Kifua chake kilikuwa kimetulia kama ukuta.

Hadija alimshika mkono akaanza kuhesabu, akisubiri kifua kile kiinuke. Alihesabu tano, akapita kumi. Jeneza lilitoka mlangoni, likapita uani, likaingia barabarani, na sauti za wanaume zikaanza kufifia. Alikuwa amefika arobaini na moja ndipo mama yake alipovuta pumzi.