Folda ya Khushi

Miaka ile kompyuta kuukuu kutoka Dubai zilikuwa zimeanza kumwagika Kariakoo kama mitumba, na Marcelino alikuwa mmoja wa watu wachache waliojua kuzifungua na kuzirudisha zikawaka. Alitoka Masasi akiwa fundi redio. Sasa alikuwa na chumba chake ghorofani, nyuma ya maduka ya vitenge, alichochangia na Elieshi, dada wa Kipare aliyeshona sare za shule upande wa pili wa pazia.

Jioni moja alishuka kununua CD tupu. Jua lilikuwa linazama, wachuuzi wanakunja maturubai, wapagazi wanapiga miluzi watu wawapishe. Aliporudi alimkuta mama mmoja wa Kihindi amesimama juu ya ngazi, amekumbatia laptop iliyofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi Marcelino?"

Aliitwa Hemlata. Laptop ilikuwa ya binti yake, Khushi, aliyekuwa anafundisha hesabu kabla saratani haijamlaza. Alikuwa amefariki kabla ya mvua za masika. Tangu msiba, kompyuta ilianza kulia, kisha ikakataa kuwaka.

Marcelino alijaribu kuiwasha, akaweka sikio.

Tk... tk... tk...

"Diski inakufa," alisema. "Lakini vitu vingi vitatoka."

"Nimenunua laptop nyingine mpya, imo mkobani. Nataka uhamishe kila kitu. Ile picha ya mbele, mlio wake ikifunguka, kila kitu kikae palepale alipokiweka. Nikiiwasha iwe kama ameinuka tu kidogo, anarudi."

Kisha mama akashusha sauti.

"Kuna folda ina jina lake. Hiyo ihamishe ilivyo. Usiifungue, fundi. Hata mimi sijaifungua. Mwishoni mwanangu alikuwa hapendi kutazamwa."

"Sitaifungua, mama."

Alisema hivyo akimwangalia machoni.

Diski aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaomba ilale kwenye friji ya muuza soda pale chini. Mafundi walifanya hivyo zamani, na wakati mwingine ilisaidia. Kesho yake akaiunganisha na kompyuta yake mwenyewe, nayo ikaamka. Ikatoa maswali ya mitihani, nyimbo, barua za kazi. Mipangilio yote akaihamishia kwenye laptop mpya, hadi ile picha ya mbele, maua ya njano kwenye kibaraza cha nyumba yao Upanga. Jua lilipoanza kushuka, ilibaki folda moja.

Akaihamisha. Ikaingia nzima.

Kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kuzima na kwenda zake nyumbani.

Alijiambia anahakikisha tu kama picha zinafunguka, maana fundi lazima ajue anamkabidhi mteja kitu gani. Huo ulikuwa uongo, na alijua ni uongo hata kabla kidole hakijabofya.

Picha ya kwanza, Khushi alikuwa bafuni mbele ya kioo, kamera mkononi. Nywele zote zimekwisha. Mifupa ya mabega imesimama. Picha ya pili alikuwa amefungua blauzi, na kovu refu lilipita pale titi lilipokuwa. Hakuwa ameilenga kamera kwa macho. Alikuwa anajitazama yeye, kama anamtafuta mtu aliyewahi kumfahamu.

Hapo Marcelino angefunga. Hakufunga. Akafungua nyingine. Na nyingine. Akasogeza kiti mbele.

"Elieshi," akaita bila kugeuka. "Hebu njoo uone kitu."

Cherehani ikanyamaza. Pete za pazia zikakwaruza kwenye waya. Elieshi hakuingia.

"Marcelino," alinong'ona. "Huoni haya?"

"Haya ya nini? Mwenyewe keshakufa huyu."

"Nani kafa?"

Marcelino alionyesha skrini kwa kidole.

"Si huyo hapo... nyuma yako."

Harufu ikaja kwanza. Spiriti ya hospitali, na chini yake mafuta ya asumini. Marcelino alitaka kugeuka, shingo ikakataa. Kisogoni kwake alihisi baridi ndogo, kama mtu anavuta pumzi kwa shida na kuiachia kwa shida.

Umeme ukakatika.

Ulikuwa wakati wa mgao, na hilo halikuwa ajabu. Kompyuta ikazimika. Kioo kikawa cheusi. Alisikia kandambili za Elieshi zikishuka ngazi mbiombio, na kule barabarani jenereta zikaanza kunguruma, moja baada ya nyingine. Diski pale mezani haikuwa na umeme wowote.

Tk... tk... tk...

Alikaa vilevile mpaka umeme uliporudi. Harufu ilikuwa imeondoka. Akaiwasha laptop mpya, akaifungua ile folda ili ajiridhishe kwamba kazi ya mama wa watu haijaharibika.

Mwishoni mwa picha za Khushi kulikuwa na nyingine alizokuwa hajaziona.

Mgongo wa mwanamume aliyekaa kwenye kiti. Shati la bluu.

Mgongo uleule, kwa karibu zaidi.

Kisogo.

Laptop zile hazikuwa na kamera. Mle chumbani hamkuwa na kamera. Marcelino alizifuta hizo tatu, akahakikisha zimefutika, akazima kila kitu na kushuka ngazi huku ameshika ukuta.

Hemlata alikuja kesho yake alasiri. Hakukaa. Aliiwasha laptop juu ya meza, na ulipolia ule mlio, na maua ya njano yakatokea, alijifunika mdomo kwa ncha ya sari.

"Ni yenyewe," alisema. "Asante, baba."

Neno hilo lilimchoma Marcelino kuliko tusi.

Halafu mama akaupeleka mshale kwenye folda. "Leo nimejikaza," alisema. "Nataka nimwone mwanangu."

Picha za Khushi hazikufunguka. Moja baada ya nyingine zilitoka kijivu tupu. Ya mwisho ndiyo iliyofunguka, na haikuwa mojawapo ya zile alizozifuta. Ilipigwa kutoka mbele, kana kwamba aliyeipiga alikuwa ndani ya kioo cha kompyuta. Ilikuwa sura ya Marcelino. Ameinama, macho yamemtoka, mwanga wa skrini usoni. Na pembeni mwa mdomo, tabasamu.

Hakuwa anajua kwamba alitabasamu.

Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ulimtazama hivi," alisema.

Marcelino alitafuta neno. Diski mbovu, virusi, chochote. Aliinamisha kichwa, akaona vidole vya miguu ya yule mama ndani ya viatu vya wazi, vimekunjamana.

"Nisamehe, mama."

"Si mimi uliyemchungulia." Akaifunika laptop taratibu, kama mtu anayefunika mgonjwa shuka. "Alikuwa akiniambia, mama, watu wananitazama kama mimi sipo. Nilimwambia ni mawazo yake."

Akaondoka nayo. Ile diski hakuiulizia, na Marcelino alipoitafuta mezani hakuiona tena.

Elieshi alirudi siku moja tu, kuchukua cherehani. Marcelino alimbebea hadi chini, kisha akamwuliza alichoogopa kuuliza. Yule aliyemwona nyuma yake alikuwa na hasira?

"Hapana," Elieshi alisema. Hakumwangalia usoni. "Alikuwa amejiziba kifua kwa mikono."

Marcelino aliapa asifungue tena faili la mtu. Akatimiza kiapo mpaka alipokuja bwana mmoja, Goodluck, na CD ya harusi yake aliyotengenezewa pale. "Fundi, kazi nzuri. Ila kuna picha moja humu mke wangu ameiona, imemtisha. Huyu si wewe?"

Ilikuwa ileile. Uso, mwanga, tabasamu.

Ikatokea kwenye kazi iliyofuata, na nyingine baada yake. Haikai mahali pamoja. Leo iko kwenye ubatizo, kesho kwenye folda ambayo binti wa mtu ameificha ndani ya folda nyingine. Kwa hiyo sasa, kabla hajamkabidhi mteja kazi yake, Marcelino hufunga mlango, hukaa kwenye kile kiti, na hufungua picha zote, hata zile asizopaswa kuziona, mpaka ajikute humo, aifute ile picha.

Na kila anapojikuta, lile tabasamu limepanuka kidogo.