Kanga Nyekundu ya Mbuke

Mbuke wa Kharumwa alikuwa na kanga nyekundu. Aliipenda mno, lakini wingu likitanda tu, huyoo, anakimbia kuificha chunguni. Kijijini kila mtu alijua kwamba radi hufuata nguo nyekundu.

Alasiri moja mwalimu wa kisomo cha watu wazima, Euphrasia, aliuliza darasani, "Radi hufuata nini?"

"Nguo nyekundu!" Mbuke alijibu upesi.

"Haya, Mama Ignas. Juzi kwenye mvua uliificha kanga. Nyinyi wenyewe mlijificha wapi?"

"Chini ya mgunga, shambani. Mimi, mume wangu na mtoto."

Mwalimu akashika kichwa. "Mungu wangu! Radi haichagui rangi. Ni umeme wa mawinguni. Mara nyingi hupiga kitu kirefu kilichosimama peke yake. Mti ukipigwa, umeme humrukia aliye chini yake. Ukisikia ngurumo, acha jembe, ingia kwenye nyumba imara."

"Na kanga?"

"Jifunike, mama. Ni nguo tu."

Darasa likacheka, na Mbuke naye akacheka.

Wiki iliyofuata walikuwa wakipalilia pamba. Ngurumo ikalia. Jilala, mumewe, akamshika Ignas mkono na kuelekea mgungani kama kawaida.

"Baba Ignas, si huko! Twende kwenye ghala la pamba!"

"Ghala liko mbali, tutalowa."

"Heri kulowa!" Mbuke akambeba mtoto, akamfunika kwa kanga yake, akatimua mbio.

"Tena na hiyo nyekundu! Utatuua, mwanamke!" Jilala alifoka, lakini akamfuata mwanawe.

Ghala lilikuwa la matofali na bati. Walipoingia tu, radi ikapiga, paaa! Mgunga ukapasuka katikati, ukafuka moshi.

Jilala aliutazama mti. Akaitazama kanga iliyomfunika mwanawe.

"Mti ule haukuvaa nyekundu," alisema. "Wabeja, mke wangu. Asante sana. Wabeja gete."

Siku ya kisomo, Jilala alitangulia kufika darasani.

"Shikamoo, mwalimu."

Euphrasia akashtuka. "Ala! Baba Ignas, wewe ni mkubwa wangu. Mimi ndiye wa kukuamkia!"

"Leo niitikie tu. Mwanangu yu hai."

"Marahaba, baba," mwalimu aliitikia, machozi yakimlengalenga.

Nje wingu lilikuwa limetanda. Mbuke akaingia, amejitanda kanga yake nyekundu. Jilala akasogea kwenye benchi, akampisha akae.